Wangojao Rangi Njiani

*Picha za rangi zipigwazo barabarani bila mpigwaji kujua zina wapenzi wake na mahasimu wake, na siku hizi zina sheria zake pia. Makala haya yanatazama wanachobishania watu, na kile ambacho mabishano hayo huelekea kukisahau: subira na nia ya mwenye kamera.*

Yapata mwaka 1957, katika jiji la New York, mpiga picha Saul Leiter alielekeza kamera yake kwenye mwanya mwembamba baina ya mbao, na picha aliyoitoa hapo, ambayo leo ni miongoni mwa zile zinazojulikana sana katika kazi zake, karibu yote ni giza: juu weusi, chini weusi, na katikati ule mwanya peke yake, ambamo mtaa umepita na motokaa zake, na watu wake, na rangi zake.

Mtazamaji wa haraka hudhani picha imeharibika. Akitulia, hutambua kwamba giza lile limewekwa kwa makusudi, na kwamba mpigaji alikwisha kuamua sura ya picha yake kabla ya mtu yeyote kupita. Kilichobaki kwake kilikuwa kusimama, kuutegea mwanya jicho, na kuuachia mtaa ulete rangi yake kwa wakati wake.

Mwaka 1958 alifanya jambo la namna hiyohiyo chini ya turubai la mlangoni. Kivuli cha turubai kimemeza sehemu kubwa ya picha, na katika kipande kidogo kilichosalia chini yake watu wanapita katika theluji, wadogo, wakiwa na safari zao, wasiojua kwamba wamekamilisha kitu.

Nimepewa kazi ya kuandika juu ya upigaji wa namna hii kwa kuwa umekuwa suala katika miji yetu. Simu ya mkononi imempa kila mtu kamera. Vijana wanapita Kariakoo, Gikomba, Marikiti na Darajani wakikusanya sura za watu wasiowajua. Na watu hao, kwa haki yao, wameanza kuuliza sura zao zinapelekwa wapi.

Mabishano hayo aghalabu huishia katika sheria na ruhusa. Mimi naona yanaanzia mbali zaidi, katika moyo wa mtu aliyeshika kamera: amekuja kutafuta nini, na yuko tayari kukingoja kwa muda gani.

Mwana wa rabi

Leiter alizaliwa Pittsburgh mwaka 1923, mwana wa rabi aliyekuwa mwanachuoni wa Talmud mwenye kuheshimiwa, naye alikuwa akiandaliwa kuishika njia ya baba yake. Mwaka 1946 aliacha chuo cha dini akaenda New York kuwa mchoraji. Huko mchoraji mwenziwe, Richard Pousette-Dart, alimtia moyo katika mambo ya kamera, na kufikia mwaka 1948 alikuwa anapiga picha za rangi, wakati ambapo wakubwa wa fani hiyo waliiona rangi kuwa jambo la matangazo ya biashara na la watalii.

Hakuwa na fedha. Alitumia mikanda iliyopitwa na muda wake kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu, na rangi zake zilizogeuka akazipokea kama hidaya. Kwa kuwa kutoa picha za rangi karatasini kuligharimu sana, slaidi zake nyingi zilikaa katika maboksi kwa makumi ya miaka, na walioziona walikuwa marafiki waliokuja nyumbani kwake akawamulikia ukutani.

Kitabu cha picha zake za mwanzo za rangi kilichapishwa Ujerumani mwaka 2006, yeye akiwa na miaka 82. Alifariki mwaka 2013. Sehemu kubwa ya kazi iliyompa jina aliifanya katika mitaa iliyokuwa karibu na nyumba yake, upande wa mashariki wa Manhattan, alipokaa kwa zaidi ya nusu karne.

Jambo hili la mwisho nalitaja makusudi. Kijana anayeanza leo huamini kwamba picha nzuri iko mji mwingine, na kwamba akipata nauli ya kufika Istanbul au Varanasi mambo yatamnyookea. Leiter alipata nyumbani theluji, mvua, vioo vyenye mvuke, miavuli myekundu na teksi za njano, akavitazama vitu hivyo vichache mwaka baada ya mwaka mpaka vikamfungulia siri zake.

Kuhusu ule ugomvi wa rangi na picha nyeusi na nyeupe sitakawia, maana umekwisha. Watu wengi hudhani ulimalizwa na maonyesho ya picha za rangi za William Eggleston katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York mwaka 1976, ambayo yalishambuliwa vikali na mhakiki wa gazeti kubwa la jiji hilo kuwa ni mambo ya kawaida yasiyo na ladha. Walakini Ernst Haas alikwisha kuonyesha picha za rangi katika jumba hilohilo mwaka 1962, na Helen Levitt mwaka 1974.

Huyo Levitt anastahili neno zaidi. Alipata fedha za wakfu wa Guggenheim mwaka 1959 na 1960 ili apige rangi katika mitaa ya New York, akaipiga miaka hiyo yote ambayo karibu hakuna aliyeithamini; kisha mwaka 1970 mwizi akaingia nyumbani kwake akachukua nyingi ya slaidi zile. Alirudi mtaani akaanza upya, na slaidi 40 zilizomulikwa jumbani mwaka 1974 kwa sehemu kubwa zilikuwa ni mavuno ya huko kuanza upya. Nikiulizwa subira ni nini katika kazi hii, humtaja yeye kabla ya mtu mwingine.

> *“Alirudi mtaani akaanza upya.”*

Mkanda usiosamehe

Mkanda uliotumiwa na Leiter, na wengi waliomfuata, uliitwa Kodachrome. Ulibuniwa na wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky, ukatolewa na kampuni ya Kodak mwaka 1935, na kwa miaka mingi ulikuwa mzito mno kupokea mwanga: kipimo chake kilikuwa 10, kikapandishwa kufika 25 mwaka 1961, ilhali kamera ya leo hufika 6,400 bila taabu.

Maana yake mtaani ni hii. Hata chini ya jua kali, mpigaji hakuweza kupata kasi ya kumgandisha mtu anayekwenda upesi isipokuwa apanue tundu la lenzi, na akilipanua, sehemu iliyo dhahiri katika picha hupungua, na mbele yake na nyuma yake kila kitu huwa ukungu. Hakuweza, basi, kupiga ovyo huku na huku akitumaini kuokota kitu. Ilimpasa achague kwanza mahali, apime mwanga wa mahali hapo, aiweke lenzi kwa umbali wa hatua anazozijua, kisha angoje mtu afike pale.

Tena slaidi haisamehi. Ukizidisha mwanga, palipo peupe hufutika na hakuna dawa ya kupaponya. Kwa hiyo mafundi walipima mwanga wa penye jua wakaviacha vivuli viwe weusi mtupu. Weusi huo, ambao watu wa leo huuiga kwa programu za simu, ulizaliwa na dharura.

Kodachrome iliacha kutengenezwa mwaka 2009, na kiwanda cha mwisho cha kuisafisha, kilichokuwa katika mji wa Parsons, jimbo la Kansas, kiliacha kuipokea mwishoni mwa mwaka 2010. Alex Webb, ambaye nitamweleza punde, aliipiga mikanda yake ya mwisho katika Rochester, mji wa Kodak wenyewe, na kwa kuwa dawa za rangi hazikuwapo tena, ikasafishwa kuwa picha nyeusi na nyeupe.

Ugumu wa pili hautokani na mkanda, na haukwisha ulipokwisha mkanda. Katika picha nyeusi na nyeupe dumu la njano huwa kijivu, limenyamaza. Katika picha ya rangi dumu hilohilo hupiga kelele hata uso wa binadamu aliye karibu nalo usisikike.

Natoa mfano mmoja wa Mji Mkongwe wa Unguja, kwa vitu ambavyo kila apitaye huko huviona. Saa kumi na nusu alasiri jua huingia katika baadhi ya vichochoro kwa ubavu, likaweka chini ukanda wa mwanga usiozidi upana wa mlango. Ukuta wa mawe na chokaa uliopata jua hugeuka manjano hafifu. Ukuta ulio kivulini hupokea mwanga wa mbingu peke yake, ukaelekea ubuluu. Pana mlango wa duka uliopakwa kijani, na kando yake ndoo ya plastiki ya buluu.

Mama mmoja aliyejitanda kisutu anakuja. Katika hatua ya kwanza ya kuingia juani, wekundu wa kanga yake umeangukia kwenye ndoo, na rangi mbili zinagombana. Katika hatua ya pili umesimama mbele ya kijani cha mlango, nao unawaka. Katika hatua ya tatu ameshaingia kivulini. Picha ni hatua moja, na hatua hiyo haitimizi hata sekunde.

Asiye na nia ataipiga hatua yoyote itakayomkuta, kisha atasema rangi za Unguja ni nzuri. Mwenye nia alikwisha kuiona ndoo kabla ya yule mama kutokea, akajisogeza kidogo mpaka mlango ukasimama peke yake. Na hatua ya pili ikimponyoka, hamkimbilii mama wa watu kichochoroni, bali hubaki pale pale amngoje mpita njia mwingine.

Waendao na wangojao

Mafundi wenyewe hawakubaliani juu ya kungoja. Joel Meyerowitz, aliyezaliwa Bronx mwaka 1938, alikuwa na kazi nzuri katika kampuni ya matangazo, hata siku moja ya mwaka 1962 alipotumwa kusimamia kazi iliyokuwa ikifanywa na mpiga picha Robert Frank. Alimwona Frank akipiga picha huku anakwenda, akizunguka, hasimami. Alipotoka nje barabara yote ikamwonekea kuwa hai, akarejea ofisini akaacha kazi.

Yeye ni wa waendao. Alitembea katika mitaa ya New York siku baada ya siku akifuata mkondo wa watu, na katika miaka ya 1960 alichukua kamera mbili kwa pamoja, moja ya rangi na moja ya nyeusi na nyeupe, apate kulinganisha jambo lilelile kwa namna mbili, akaamua kwa ushahidi wa macho yake kwamba rangi huleta habari nyingi zaidi.

Rafiki yake Garry Winogrand alikwenda kwa kasi zaidi. Alipofariki mwaka 1984 aliacha yapata mikanda 2,500 iliyokwisha kupigwa lakini haijasafishwa. Wako wanaoona hapo ulafi. Lakini mtu huyohuyo alikuwa na desturi ya kuiacha mikanda yake ikae muda mrefu, hata mwaka na zaidi, kabla ya kuitazama, ili furaha ya siku ile imtoke moyoni na aihukumu picha kwa jinsi ilivyo. Hiyo nayo ni subira, tena ni ngumu, na kizazi cha simu kimeisahau kabisa: leo picha hupigwa, hupambwa na kutangazwa kabla mpigwaji hajavuka barabara.

Eggleston ana mwendo wa tatu. Kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe, kitu kimoja hukipiga mara moja tu, hakirudii, akaondoka. Ukimtazama kwa juu utasema hana subira. Ukweli ni kwamba azma imemjaa kiasi kwamba kungoja kwake kote kumefanyika kabla ya kuinua mkono.

Upande wa wangojao mkubwa wao kwa maoni yangu ni Alex Webb, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1952. Alikwenda Haiti mwaka 1975, na kwenye mpaka wa Marekani na Mexico, akitumia mkanda mweusi na mweupe, akarudi na wasiwasi kwamba picha zake zimeacha nje jambo kubwa: joto, mwanga mkali, na rangi ambayo kwa watu wa huko haikuwa pambo bali sehemu ya maisha. Kufikia mwaka 1979 alikuwa amehamia kwenye rangi.

Mwaka huohuo, San Ysidro, California, alipiga picha ya Wamexico wanaokamatwa wakijaribu kuvuka mpaka. Wamesimama katika shamba la maua ya manjano, na juu yao helikopta inaning'inia angani. Uzuri wa maua na unyonge wa watu wale vimekaa mahali pamoja bila kimoja kukitangua kingine, na mtazamaji hana pa kukimbilia.

Baadaye picha zake zilizidi kujaa. Katika ile ya Tehuantepec, Mexico, ya mwaka 1985, mtoto mmoja amezungusha mpira juu ya kidole, na wengine wametawanyika nyuma yake, kila mmoja katika mchezo wake, na hakuna anayemfunika mwenziwe. Kwa picha ya namna hii Webb hufanya kazi kama mvuvi wa dema: hujua pa kuuweka mtego, kisha huyaachia maji yapande na kushuka. Amekariri mara nyingi kwamba kazi hii karibu yote ni kushindwa, na kitabu chake kikubwa cha mwaka 2011, kilichochagua picha za miaka 30 ya rangi, kimeonyesha ni chache kiasi gani zinazosalia mtu akijihukumu kwa haki.

Mtu wa Bahari ya Hindi hatamsahau Raghubir Singh wa Jaipur, aliyeishi kutoka 1942 hadi 1999. Yeye alishikilia kwamba majonzi ya picha nyeusi na nyeupe ni ya Ulaya na Marekani, na kwamba India haiwezi kuelezwa ikivuliwa rangi zake. Anayezijua kanga zetu, na magari yetu ya abiria, na maduka ya Biashara Street mjini Mombasa, ataona hoja hiyo inabisha hodi kwetu pia.

Nikipima pande hizi, naona kwamba aendaye na angojaye si mahasimu. Hasimu wa wote wawili ni yule anayekandamiza kitufe kikatoa picha 20 kwa pumzi moja, akitumaini kwamba miongoni mwazo bahati imejificha. Maana huyo hakuja na neno lolote la kuuambia mtaa, na mtaa nao haukumwambia kitu.

> *“Hasimu wa wote wawili ni yule anayekandamiza kitufe kikatoa picha 20 kwa pumzi moja.”*

Uso ni wa nani?

Sasa nafika penye ugomvi ulio hai. Mwezi Septemba mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuiweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika mwezi Mei 2023.

Makosa yale yalikuwa ya biashara, si ya sanaa, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 imeweka kifungu mahsusi kwa kazi za uandishi wa habari, fasihi na sanaa, kwa masharti yake. Hata hivyo mpita njia hatofautishi. Anaona kamera imeelekezwa kwake, na anakumbuka alichosikia redioni.

Huko Marekani shauri kubwa lilikuwa la mpiga picha Philip-Lorca diCorcia. Kati ya mwaka 1999 na 2001 alifunga taa za kumulika katika eneo la Times Square, akasimama mbali na lenzi ndefu, na kila aliyekanyaga pale alipopachagua alimulikwa usoni na kupigwa bila kujua. Katika maelfu ya picha alichagua 17 kwa maonyesho. Mzee mmoja Myahudi mcha Mungu alipojiona humo alishitaki, kwa kuwa imani yake ilikataza sura yake kutumiwa hivyo. Mwaka 2006 mahakama ilimpa ushindi mpiga picha, kwa hoja kwamba sanaa inalindwa na uhuru wa kusema.

Mwezi Februari mwaka 2020 kampuni moja ya kamera ya Japani ilitoa filamu ya kutangaza kamera mpya, ambamo mpigaji alionekana akiwachomekea watu kamera usoni wanapopita, nao wakijikinga kwa mikono. Hakukuwa na mahakama hapo, lakini malalamiko yalikuwa makubwa hata kampuni ikaiondoa filamu ile.

Watetezi wa uhuru wana hoja nzito. Wanasema barabara haina pazia. Kwamba ukimwomba mtu ruhusa kwanza atajiweka sawa, atatabasamu, na ukweli uliokuwa usoni pake utakuwa umekwisha. Na kwamba kama waliotutangulia wangaliomba ruhusa kwa kila uso tusingalijua leo jinsi watu walivyotembea, walivyochoka, walivyovaa na walivyotazamana katika miji ya jana. Yote haya nayakubali.

Wanaopinga nao wana hoja nzito, na kwetu Pwani hoja hiyo ina mizizi. Picha hapa iliingia kwa mlango wa studio. A. C. Gomes alifungua yake Unguja katika karne ya 19, na Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio mwaka 1930. Lamu ilikuwa na studio ya Bakor. Mtu alikwenda studio kwa hiari yake, amevaa nguo ya Idi, amejipaka wanja, akaketi mbele ya pazia lililochorwa, akapigwa namna alivyotaka kukumbukwa. Picha ilikuwa ni miadi baina ya watu wawili.

Kwa jamii iliyozoea miadi hiyo, picha ya kuibia ni kuingia nyumbani kwa mtu bila kupiga hodi. Mwanamke anayegeuza uso au kuvuta buibui mbele ya kamera ya mgeni hafanyi hivyo kwa ushamba. Anasema neno kwa heshima, na mwenye kamera akikosa kulielewa hastahili kuishika.

Aliyengoja ameonekana

Hapa ndipo ninapoona kwamba subira si ufundi tu. Mpigaji apitaye mbio, akachukua na kutoweka, hakuonekana na mtu; mtaa haukupata nafasi ya kumtazama, kumjua wala kumkatalia. Lakini aliyesimama kwenye pembe moja tangu alasiri hadi magharibi ameonekana na kila mtu. Wenye maduka wamemtazama, watoto wamemzunguka na kumchoka, na mzee wa barazani hatakosa kumwita.

“Mwanangu, unamngoja nani hapo?”

“Shikamoo babu. Nangoja mtu apite penye jua, nimpige picha.”

“Marahaba. Na asipotaka?”

“Nitaifuta mbele yake, babu.”

Maneno hayo machache yamefanya kazi ambayo karatasi ya idhini haifanyi. Kijana amejieleza, amewekewa sharti na mtu mwenye haki ya kuliweka, na kuanzia hapo yuko pale kwa ujuzi wa mtaa. Mama atakayepita penye jua hakuulizwa, ni kweli, na uso wake utabaki na ukweli wake. Lakini amepita mbele ya mtu ambaye majirani wamekwisha kumpima.

Wala sisemi kwamba subira peke yake inatosha. DiCorcia alingoja sana, pengine kuliko wote, lakini alingoja akiwa mbali asikojulikana, na wawindaji nao hungoja. Kinachotenganisha ni nia, ambayo watu wetu wamefundishwa tangu chuoni kwamba ndiyo inayoipa amali uzito wake. Je, amekuja kuonyesha heshima ya watu hawa katika maisha yao ya kila siku, au amekuja kuwafanya kioja? Swali hili hujibiwa na picha yenyewe. Mtu aliyelala kwenye benchi kwa uchovu, kijana aliyeanguka na boda boda, mgonjwa wa akili aliyevua nguo sokoni: rangi zinaweza kupatana vizuri ajabu juu ya watu hao, na bado picha isistahili kupigwa.

> *“Rangi zinaweza kupatana vizuri ajabu, na bado picha isistahili kupigwa.”*

Kwa watoto naona jambo liko wazi zaidi. Mzazi akiwapo aulizwe, hata kama ni baada ya picha. Asipokuwapo, picha isitoke nje ya kamera. Ninajua kwamba kanuni hii ingalitunyima baadhi ya kazi bora za Levitt, aliyewapiga watoto wa New York wakicheza barabarani kwa upendo mkubwa, na jambo hilo linanisikitisha. Lakini Levitt hakuishi zama ambazo sura ya mtoto husambaa duniani kabla ya magharibi.

Kinachopotea

Ugomvi huu una gharama nyingine isiyosemwa, nayo ni ya upande wa pili: hofu ikizidi, hakuna atakayepiga. Rangi za mji hazidumu. Mabasi ya Mwendokasi yalipoanza kazi Dar es Salaam mwezi Mei mwaka 2016, daladala ziliondolewa katika Barabara ya Morogoro, na pamoja nazo ikaondoka barabarani humo ile mistari ya rangi ubavuni ambayo abiria aliitambua ruti yake kwa mbali hata kabla ya kusoma maandishi. Ilikuwa rangi ya alfajiri ya maelfu ya watu kwa miaka mingi. Waliozipiga daladala hizo kwa nia, zikiwa na abiria wake na makondakta wake mlangoni, katika mwanga ulio wao, ni wachache.

Na picha za hao wachache zimo katika simu, na simu huibwa, huanguka majini, hubadilishwa. Slaidi za Leiter zilisalia kwa sababu zilikuwa kitu cha kushikika, ndani ya boksi, ndani ya nyumba ya mtu aliyezithamini. Anayepiga mitaa yetu leo afanye kama yeye: achague chache mwisho wa mwaka, azitoe karatasini, aandike nyuma mtaa, mwezi na mwaka, aziweke mahali pakavu mbali na mchwa.

Serikali za mitaa, wenye maduka na askari wanaomkuta kijana wa namna hii amesimama pembeni na kamera wana haki ya kumwuliza shughuli yake. Akiwa na jibu la kweli, na akiwajibu kwa adabu, wamwache asimame. Ile rangi anayoingoja huenda mwaka kesho isiwepo.